Ngozi ya nanomita moja

Wanaoitilia shaka hadubini ya elektroni wana hoja nzito: chombo hiki hukisumbua kile kinachokitazama. Sampuli lazima iwe nyembamba mno ndipo elektroni zipenye, na elektroni za volti 200,000 zinaweza kuzipiga atomu kikumbo zikahama. Kwa hiyo ukiona atomu za kioo cha metali, yaani metali iliyoganda atomu zake zikiwa zimevurugika kama za kioo cha dirisha, zikisogea, huenda ni mwonzi wako wa elektroni ndio uliozisukuma. Wao wanaona bora eksirei. Mwaka 2012, eksirei za maabara ya Grenoble, Ufaransa, zilionyesha atomu za kioo cha metali cha magnesi, shaba na yitriamu zikiendelea kujipanga upya hata kioo kikiwa kimeshaganda.

Kazi hiyo naiheshimu. Lakini eksirei hizo hutoa wastani wa atomu chungu nzima. Ni sawa na kupewa mwendo wa wastani wa magari yote ya jiji: hujui foleni iko wapi.

Hadubini inajua. Mwaka 2018 kundi la Paul Voyles, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, lilichapisha picha za uzi mwembamba wa kioo cha metali cha platini, shaba, nikeli na fosforasi, uliopashwa moto mpaka ukalainika. Kwenye picha hizo huoni atomu mojamoja, bali madoa ya mwanga. Doa likififia, atomu za pale zimebadili mpangilio. Doa moja linadumu, na la jirani yake, hatua ya nanomita moja tu, limeshazima na kuwaka tena. Na tabaka la juu, lenye unene wa kama nanomita moja, lilikwenda kasi kuliko ndani.

Nanomita moja ni atomu tatu au nne zilizopangwa juu ya nyingine. Ni kidogo? Chukua uzi wenye kipenyo cha nanomita 10: ngozi hiyo peke yake ni asilimia 36 ya uzi mzima. Zaidi ya theluthi! Wastani ungeimeza yote, na anayetaka kutengeneza vifaa vya ukubwa huo asingejua kwa nini vinalegea mapema.

Shaka inabaki na nguvu kwenye kioo baridi, ambako atomu husogea polepole mno na kikumbo kidogo huonekana kikubwa. Hata hapo kuna kipimo. Punguza mwonzi kwa nusu, joto libaki lilelile, uhesabu upya. Madoa yakififia kwa kasi ileile, mwendo ni wa kioo chenyewe. Kasi ikishuka pamoja na mwonzi, ni elektroni.