Gawio Langu na Foleni ya Shangazi

Jumatatu nilimsindikiza shangazi benki kuchukua pensheni. Madirisha sita, wahudumu wawili. Tulifika saa tatu asubuhi, tukatoka saa saba kasoro. Ana miaka 72, miguu imevimba, viti vimejaa, akaishia kukaa kwenye ngazi, kadi ameifunga kwenye pindo la khanga. Nilipouliza, dada wa dirishani akanijibu kwa upole kwamba wenzake wamepunguzwa. Nyuma yake ukutani kuna bango kubwa la faida ya mwaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nina hisa za benki hiyo. Gawio, yaani fungu langu la faida, liliingia mwezi uliopita, nikafurahi. Sasa najua kwamba ndani ya hela ile kuna mishahara ya madirisha manne yaliyofungwa.

Mchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida, ilimradi ifuate kanuni. Na kweli, bila mtaji wa wanahisa hata hayo madirisha mawili yasingekuwepo. Hapo nakubali, ila siendi mbele zaidi.

Tazameni Boeing, kampuni ya Marekani inayotengeneza ndege. Ndege yake ya 737 MAX iliwekewa mfumo uliokuwa ukisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kihisio kimoja tu, na kabla ya ajali ya kwanza marubani hawakuwa wameambiwa kwamba upo. Kampuni haikutaka wateja wake waingie gharama ya kuwafundisha marubani upya, isije ikashindwa sokoni na mshindani wake Airbus. Na hela ilikuwepo! Kuanzia 2013 hadi mapema 2019 ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua hisa zake yenyewe, njia ya kuwanufaisha wanahisa. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ikaanguka baharini Indonesia, wakafa watu 189. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja Nairobi ikaanguka dakika sita baada ya kuruka. Watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndugu zao walikuwa uwanja wa Jomo Kenyatta wakisubiri kuwapokea.

Wanahisa walipata nini? MAX zilizuiwa kuruka dunia nzima, na Machi 2020 Boeing ikasitisha gawio. Aliyetangulizwa naye akakosa.

Sasa tazameni kinyume chake. Mwaka 1982 huko Chicago watu saba walikufa baada ya mtu kutia sumu kwenye vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Johnson & Johnson iliyokuwa ikiitengeneza dawa hiyo ikarudisha chupa zipatazo milioni 31 kutoka madukani, hasara ya zaidi ya dola milioni 100, na wateja wakarudi. Kampuni hiyohiyo baadaye ilikuwa na kesi zake nzito, siifanyi malaika. Lakini mwaka ule ilianza na mgonjwa.

Mkutano mkuu wa wanahisa ukiitishwa nitakwenda, na nitanyoosha mkono. Gawio langu lipunguzwe, yale madirisha manne yafunguliwe. Shangazi anarudi pale mwisho wa mwezi.