Uji wa shule usiwe wa waliolipa tu

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamtwisha mzazi wa Uganda jukumu la chakula cha mtoto, hata kwa wale wanaosoma shule za UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambako karo ilifutwa mwaka 1997. Wanaoitetea wana hoja. Sehemu kubwa ya nchi huvuna mara mbili kwa mwaka, na mzazi aliyetoa debe lake la mahindi hufuatilia limetumikaje. Serikali nayo haina fedha za kumwaga.

Lakini mabishano hayo yanamhusu mzazi, na anayeshinda njaa ni mtoto.

Darasani anafundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Anavichora, anapata vema zote. Kengele ya mapumziko ikilia, mwalimu wa zamu anasimama kando ya sufuria ameshika orodha ya waliotoa mchango. Waliomo wanapanga foleni na vikombe vyao. Wenye hela wanakimbilia chapati. Wengine wanakwenda bombani kunywa maji, au wanajitia kucheza mbali na jiko. Kila siku ya masomo, mbele ya wenzake wote, mtoto anatangaziwa kwamba kwao hawana kitu. Atavumilia wiki moja, ya pili ataanza kukosa shule, na mwalimu ataandika “mtoro”. Somo la lishe, zuri kama lilivyo, linamfaa mwenye cha kuchagua. Huyu kwao kuna muhogo tu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao ndio waliojaza madarasa yetu sasa, na ndio tunaowadai hela ya uji.

Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, katika shule zinazopata chakula cha WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, chungu ni cha wote. Kwingineko mchango ubaki, ila usiamue nani ale. Mzazi atoe mahindi baada ya mavuno, alete kuni, alime bustani ya shule viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye vitamini A, vile vilivyompa Mganda mwenzetu Robert Mwanga Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Pengo la asiyejiweza lizibwe na bajeti ya lishe, kabla haijachapisha mabango na kulipia semina. Mwenye deni aitwe ofisini yeye mwenyewe, mwanawe akiwa ameshakula.