Jibu la Bara kwa Swali la Unguja

Mwanafunzi mmoja wa sheria alinisogezea simu yake juzi, amefurahi. Alikuwa ameiuliza programu ya akili mnemba: mke aliyeachwa hapa Unguja anadai vipi haki yake katika nyumba waliyojenga na mumewe? Jibu lilikuja mara moja, limepangika: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, iliyokubali kazi za nyumbani za mke kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Sheria hiyo ipo, kifungu kipo, na kesi hakuna wakili wa Tanzania asiyeijua. Ila Sheria ya Ndoa haivuki bahari, Zanzibar haitumiki. Talaka za Waislamu wa hapa ziko kwa Kadhi, na iliyotakiwa kusomwa ni Sheria ya Mahkama ya Kadhi Na. 9 ya 2017.

Ubishi wa vitabu na kompyuta katika maktaba za sheria umegeuzwa kuwa ugomvi wa wazee na vijana. Wahadhiri wakongwe wanaogopa kesi za kubuni, na hawaogopi bure. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walitozwa dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Lakini kesi ya kutungwa ina dawa: ukiitafuta, huioni. Mimi naiogopa zaidi kesi ya kweli iliyotoka kwa jirani. Ukiitafuta unaipata, ukiisoma inasomeka, na hapo ndipo mwanafunzi anapofunga simu akalala.

Vijana nao wana lao. Tovuti ya TanzLII inatoa bure hukumu za Mahakama ya Rufani, zikiwemo rufaa zilizotoka kwetu, na ya ZanzibarLII ipo kwa sheria na hukumu za hapa. Sisi tulisoma uamuzi wa Machano Khamis Ali na wenzake 17, ule wa mwaka 2000 uliosema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kopi iliyotolewa kwenye kopi nyengine, mistari ya chini imeliwa na mashine. Leo kijana wa Wete, Pemba, hahitaji kupanda boti kuja kutafuta hukumu ya Mahakama ya Rufani. Akiwa na bando, anaisoma kwao.

Wala kitabu nacho si malaika. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Na. 6 ya 2004 bado imekaa rafuni kwa heshima zake, ilhali imeshafutwa na Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018. Namba ile ile! Ya mwenendo wa jinai vilevile: Na. 7 ya 2004, ikaja Na. 7 ya 2018. Aliyezipa namba hakuwafikiria wenye mitihani. Kwenye maktaba moja niliona nakala ya 2004 ambayo mtu ameiandika kwa penseli juu ya jalada: "Imefutwa. Tazama 2018." Maneno matatu, na yana kazi kuliko nusu ya programu tunazouziwa.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha za maktaba ziende wapi, naanza na mwenye penseli: mkutubi anayejua ipi hai na ipi imekufa, ipi ya Bara na ipi yetu. Watakaonipinga watasema kanzidata kama Westlaw na Lexis hazikwepeki kwa anayesoma sheria za bahari au usuluhishi wa kibiashara. Kweli, na mwanafunzi wetu hashindani na wa Unguja tu. Lakini ada za kanzidata hizo ni za kila mwaka, mwaka usiolipa mlango unafungwa, na hukumu nyingi za Uingereza zinapatikana bure kwenye tovuti ya BAILII. Tena tuna kumbukumbu: kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa gridi. Kitabu kilisomeka dirishani.

Baada ya mkutubi, ningenunua skana. Ripoti za zamani za kesi za Zanzibar zinaanzia 1868, na karatasi haipendani na unyevu wa hapa. Hiyo ni kazi nyepesi, haina mwenye kuumia. Kazi nzito ni maamuzi ya makadhi. Mwanafunzi anayahitaji kuliko kitu chochote, kwani bila hayo akili mnemba itaendelea kumjibu kwa sheria ya Bara. Lakini ndani yake mna vitanda vya watu. Futa majina yote ukipenda. Andika tu kwamba mume ni mvuvi wa Kojani, ana wake wawili, na nyumba inayogombewa iko nyuma ya msikiti. Kojani nzima itajua ni nani kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na mke yule hakuwahi kuulizwa kama anakubali.