Pikapu ya dizeli kwa ajili ya tela: inalipa lini?

Binamu yangu anakaa Sahare, hapa Tanga mjini. Ana boti la faiba la futi 18, mashine ya farasi 40, na tela alilochomelewa Ngamiani na fundi ambaye kazi yake hasa ni mageti. Bahari ikichafuka, boti hushushwa, tela hilo hilo likapakiwa maturubai na viti, maana Tanga harusi hazina msimu. Linavutwa na Hilux ya petroli, ile ya 2.7. Sasa ni miezi miwili mazungumzo yake ni hayo kwa hayo: auze Hilux, aongeze milioni 9, achukue ya dizeli ya 2.4. "Petroli haivuti, mgosi. Petroli ni ya kwendea ofisini."

Kauli hiyo utaisikia gereji yoyote hapa mjini, na ina ukweli ndani yake. Lakini mtu anayetaka kutoa milioni 9 anastahili kujua ukweli huo unaishia wapi.

Mlimani na mzigo, dizeli haina mpinzani. Injini ya dizeli ya 2.4 kwenye Hilux inatoa hadi nyutoni-mita 400 za nguvu ya kuzungusha, na inazitoa mapema, kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika. Ya petroli ya 2.7 inaishia 245, tena mpaka uipandishe kwenye 4,000. Ukizigeuza namba hizo kuwa kazi ya barabarani, kwenye mizunguko 1,800, injini ya dizeli ina kilowati 75 hivi mkononi. Ya petroli, hata tukiipendelea tukasema zile 245 zote zipo, haivuki 46. Chukua basi gari la tani mbili na tela la tani mbili, upande mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kazi hiyo inadai kilowati 50 hivi. Wa dizeli atapanda na redio anaisikia. Wa petroli atarudisha gia mbili, injini itapiga kelele, mshale wa joto utaanza kumtia wasiwasi, na atafika.

Njia inayoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko zote mkoani kwetu ni ya Mombo kwenda Lushoto. Unapanda mita 1,000 hivi ndani ya kilomita thelathini na ushei, kona juu ya kona, ukipita Soni. Huko juu hewa nayo ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tabo ya dizeli hulifidia pengo hilo kwa kusukuma hewa ndani. Mtu wa mashine za zege au matangi ya maji anayepanda Lushoto, au anayekwenda Amani kutokea Muheza, haya si mambo ya kubishana naye. Anunue dizeli.

Hata hivyo, nilipiga hesabu moja iliyonishangaza mwenyewe. Kuinua tani nne kwa mita 1,000 kunadai megajuli 39. Lita ya dizeli imebeba megajuli 36 hivi, ya petroli 32. Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi ya moto huo kuwa kazi, ya petroli ikibanwa mlimani tuseme robo. Kwa hiyo ule mwinuko peke yake unameza lita 3.3 za dizeli au lita 4.9 za petroli. Mlima mzima wa Lushoto, tani nne nyuma yako na chini yako, tofauti ni lita moja na nusu na kidogo! Anayepanda mara moja kwa mwezi akinunua dizeli ananunua utulivu wa masikio. Si vibaya, ila asiseme kwamba ni kwa sababu ya mafuta.

Na binamu yangu Lushoto haendi. Njia zake ni Sahare kwenda Deep Sea, Sahare kwenda Kigombe, mara moja moja Pangani au Muheza. Ukanda wote huo wa pwani ni tambarare yenye vilima vya kuhesabika. Mwendo wa 70 kwenye tambarare na tela la tani moja, injini ile ya petroli haijatoa jasho. Anachokiita "haivuti" ni pale inapoondoka kutoka kwenye kusimama, hasa akitoa boti majini kwenye mchanga laini. Hapo kweli dizeli hupendeza, kwa sababu nguvu yake iko chini chini. Lakini Hilux yake ina gia ya pili ya kushusha mwendo, ile ya loo, inayozidisha nguvu ya magurudumu mara mbili na nusu hivi. Nilimuuliza lini aliitumia mara ya mwisho. Akacheka. Mkono wa loo umekaza kwa kutu.

Sasa fedha. Tuchukulie petroli inakula lita 12 kwa kilomita 100 bila tela na 17 ikiwa nalo, na dizeli 9 na 12. Mwaka mzima binamu anatembea kilomita 10,000, na katika hizo 1,200 tu ndizo za tela. Tulizihesabu safari kwa safari, akakiri. Dizeli ingemwokolea lita 264 kwenye safari za kawaida na lita 60 kwenye za tela, jumla 324. Tuweke lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: ni shilingi 972,000 kwa mwaka. Milioni zake 9 zitarudi baada ya miaka tisa na miezi, kama katika miaka hiyo yote hakuna kilichoharibika. Mbadilishie maisha, awe msafirishaji wa kilomita 20,000 kwa mwaka, nusu yake na tela: lita 800, shilingi milioni 2.4, na fedha zimerudi kabla ya mwaka wa nne. Pikapu ni ile ile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya siku ambazo tela limefungwa nyuma ya gari.

Angalia pia kwamba katika hesabu hiyo nimeweka lita za aina zote mbili kwa bei moja. Sikufanya hivyo kwa uvivu. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei zake kwa kuwa mafuta hushushwa kwenye bandari yetu hapa hapa. Atakayezifuatilia ataona dizeli na petroli zinapishana kidogo tu, na imeshatokea zaidi ya mara moja dizeli kuwa juu. Ile imani ya wazee kwamba dizeli ni mafuta ya bei rahisi ilikuwa na wakati wake. Leo faida ya dizeli iko kwenye ulaji wa injini, si kwenye kibao cha sheli.

Upande wa gereji ndiko ninakotaka kukaa kidogo, maana ndiko watu wanakofilisika. Neno "dizeli" linafunika magari mawili tofauti kabisa. Kuna dizeli za zamani: injini zinazoitwa 3L na 5L za Hilux, na ile iitwayo 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Nozeli zake, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, hufunguka kwa msukumo wa bar mia na ushei. Fundi wa Korogwe anaipasua chini ya mwembe na kuirudisha, na gari likaondoka. Kisha kuna hizi za kisasa, zenye bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote kwa msukumo unaovuka bar 1,500. Upepo wa tairi lako ni bar mbili na kidogo. Zidisha karibu mara mia saba. Kwenye msukumo huo tone la maji au punje ya mchanga ni risasi. Na sisi tunaishi pwani, unyevu unaingia kwenye kila tangi na kila dumu.

Mwenye umri wangu ataukumbuka uchakachuaji, wakati mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na dizeli hadi neno lenyewe likaingia kwenye siasa. Serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, hali ikatulia sana. Lakini mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha, na dizeli ya kisasa haisamehe hata tangi moja baya. Jirani yangu alinunua pikapu ya dizeli iliyotumika, nzuri kwa macho, na mwezi wa nne ikaanza kutoa moshi mweupe asubuhi. Nozeli nne. Baada ya nozeli, pampu. Alichookoa kwenye mafuta kwa mwaka mzima hakikutosha hata nusu ya bili hiyo.

Kwa hiyo anayesema dizeli inadumu kuliko petroli yuko sahihi kuhusu chuma, si lazima kuhusu vinavyoizunguka. Mwili wa injini ya dizeli umejengwa kuhimili mgandamizo mkubwa. Ile 1HZ hubana hewa mara 22 na zaidi, wakati petroli nyingi hubana mara 10 hivi. Chuma hicho kitakuzika. Ila tabo, nozeli na vitambuzi havina ahadi hiyo, na pikapu zilizotumika kutoka Uingereza huja na chujio la moshi linalotaka safari ndefu za moto ili lijisafishe. Kulizungusha gari hilo Chumbageni na Ngamiani kilomita sita sita ni kulitafutia ugonjwa.

(Kwa wanaopenda mambo ya kale: Rudolf Diesel alipewa hati ya uvumbuzi wake Ujerumani mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf, Mjerumani pia, akauleta mkonge Pangani. Injini ya Diesel ilifanya kazi sawasawa mwaka 1897. Baadaye mashamba ya mkonge yakaja kuwa shule nzuri ya dizeli: trekta linavuta matela ya majani siku nzima, polepole, bila kuzimwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo dizeli ilizaliwa kuifanya.)

Kuna jambo moja ambalo katika ubishi wote wa gereji sijalisikia likisemwa, nalo ni kusimama. Watu wanaulizana gari gani litavuta, hakuna anayeuliza tela litasimama vipi. Hilux, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, inaruhusiwa kuvuta kilo 2,500 hadi 3,500 kutegemea injini, iwapo tela lina breki zake. Likiwa halina, mwisho ni kilo 750, dizeli au petroli, haijalishi. Matela mengi yanayochomelewa hapa mjini ni ekseli ya gari lililokufa, matairi mawili, ndoano na rangi. Breki iliyokuja na ekseli imekatwa bomba.

Wengine hunijibu kwamba dizeli itashika yenyewe kwenye mteremko. Haishiki kama wanavyodhani. Ukiachia pedali ya mafuta kwenye gari la petroli, mlango wa hewa hufunga na injini inakuwa kama inavuta pumzi huku imezibwa pua. Huo uzito ndio unaokushika. Dizeli kwa kawaida huachiwa hewa ipite, na ndiyo maana malori makubwa hufungiwa breki ya egzosi ya ziada. Pikapu hazina. Ukishuka Lushoto na tani mbili zinakusukuma, utajuta kwa aina zote mbili.

Mengine ya tela niyapite haraka, kwani hayahusu injini: uzito unaokalia ndoano ya gari uwe kama sehemu ya kumi ya uzito wote wa tela, la sivyo litaanza kutikisa mkia kwenye 80, na tela la boti lioshwe kwa maji baridi kila linapotoka baharini, beringi zipigwe grisi.

Basi nilimwambia binamu hivi. Kama kesho atapata ile kazi anayoiota ya kupeleka mashine za zege Lushoto na Bumbuli kila wiki, anunue dizeli, na mimi nitamtafutia ya zamani isiyo na kompyuta kabla ya hiyo 2.4. Kwa kazi ya leo, Hilux anayo. Zile safari mbili tatu za mwaka zenye mzigo wa kweli, akodi Canter, na milioni 9 zitabaki mfukoni.

Hakupenda. Akasema nazungumza kama mtu wa benki. Tukakubaliana jambo moja tu, kwamba kwanza tujue tela lina uzito gani, kwa sababu yeye alisema "kama mia tano" na mimi sikuamini. Jumamosi tulifunga boti, mashine, nyavu, na sanduku la barafu likiwa tupu, tukaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu ambao wana mizani ya magari. Wakatupimia tela na mzigo wake, bila gari, kwa bei ya soda.

Kilo 1,140.

Akasimama akiitazama ile namba, kisha akainama chini ya ekseli, akaushika ule mdomo wa bomba la breki lililokatwa. Tuliporudi alipitia kwa yule fundi wa mageti kumuuliza breki za ngoma mbili zitamgharimu kiasi gani.