Lewiston: takwimu za mji mdogo zina uzito gani?

Tuseme una mji wa watu 37,000. Akiuawa mtu mmoja kwa mwaka, kiwango cha mauaji ni kama 2.7 kwa kila wakazi 100,000, yaani chini ya wastani wa Marekani. Mwaka wa pili wakiuawa watatu, mji umeshauvuka wastani huo, na mgombea yeyote wa umeya anaweza kupanda jukwaani akasema mauaji yameongezeka mara tatu. Hatakuwa amesema uongo, ila watu wawili tu ndio walioibadilisha hesabu.

Mji wa ukubwa huo upo, na hoja ya kama uhalifu umepanda tangu wageni waje imekuwa ikibishaniwa humo kwa zaidi ya miaka 20. Ni Lewiston, katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Uliishi kwa viwanda vya nguo vilivyojaa wafanyakazi wa asili ya Kifaransa kutoka Kanada, na viwanda hivyo vikafa kimoja baada ya kingine. Kuanzia 2001 wakaanza kuingia Wasomali, kisha Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na baadaye Wakongo. Kwa hiyo Kiswahili si kigeni huko. Wapo waliokiokota kambini, wapo waliokwenda nacho kutoka kwao.

Upande mmoja unasema mji umeharibika tangu wageni waje. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kuwaomba wazee wa Kisomali wapunguze watu wao wanaohamia. Hoja yake ilikuwa kwamba mji umeelemewa, si kwamba wageni ni wahalifu, lakini ilitosha kuwavuta wabaguzi mjini: Januari 2003 wakaja watu kadhaa kuandamana, wakakuta maelfu wamekusanyika kuwapinga. Wasiwasi haukuisha. Juni 2018 mwanamume mmoja alijeruhiwa katika ugomvi wa makundi mawili karibu na bustani ya Kennedy Park, akafariki siku chache baadaye. Kwa waliokwisha kuamini kwamba mji umeharibika, kifo hicho kimoja kilikuwa ushahidi tosha.

Upande wa pili hujibu kwa namba. Maine kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yenye uhalifu wa nguvu mdogo kabisa nchini, na uhalifu Lewiston ulishuka katika miaka iliyofuata ujio wa Wasomali badala ya kupanda. Kwa hili nipo nao. Anayedai wageni walileta umwagaji damu anatakiwa auonyeshe, na hawezi.

Ila upande huu nao una uvivu wake. Uchunguzi unaofanywa kwa kuwauliza wananchi wenyewe, si polisi, umeonyesha mara kwa mara kwamba karibu nusu ya matukio ya ukatili nchini Marekani hayaripotiwi. Mtu aliyezoea mambo kumalizwa na wazee kambini, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, ana sababu zaidi ya kunyamaza. Isitoshe, wastani wa mji mzima hauishi mahali popote. Mama anayekaa katika nyumba za zamani za kupanga katikati ya mji, kwenye mitaa yenye majina ya miti, na familia yenye bustani pembezoni wanahesabiwa pamoja. Mama akisema anaogopa kumtuma mtoto dukani jioni, jedwali la jimbo halijamjibu.

Halafu ikaja 25 Oktoba 2023. Mtu mmoja mwenye bunduki aliingia ukumbi wa mchezo wa bowling, akatoka akaenda kwenye baa, na watu 18 wakauawa. Hesabu ya hao peke yao ni zaidi ya 48 kwa kila wakazi 100,000, kama maradufu ya Chicago mwaka huohuo. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Lewiston ilikuwa hatari kuliko Chicago, na bado hesabu hiyo ni sahihi. Zaidi ya hapo, muuaji hakuwa mkazi wa Lewiston wala mhamiaji. Alikuwa askari wa akiba wa jeshi la Marekani kutoka mji wa jirani wa Bowdoin. Damu imeandikwa kwenye daftari la mji ambao hata hakuishi.

Ndiyo maana naona kuulizana kama uhalifu umepanda au umeshuka katika mji kama huu ni kupoteza muda. La maana ni kuuliza kila tukio kubwa lilifikaje hapo. Kwa mauaji hayo ya Oktoba njia inaonekana wazi: Mei 2023 familia ya muuaji iliwaeleza polisi wa kaunti kwamba ndugu yao anasikia sauti na ana silaha, Julai akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, Septemba askari mwenzake akaonya kwamba anaweza kuua watu wengi. Polisi wakaenda kumgongea, hakufungua, wakaondoka. Tume iliyoongozwa na jaji mkuu wa zamani Daniel Wathen ilisema mwaka 2024 kwamba polisi hao walikuwa na sababu za kutosha kumchukua na kuanzisha utaratibu wa kumnyang'anya silaha, na kwamba wakuu wake jeshini nao walizembea.

Sheria ya Maine wakati huo iliutaka utaratibu huo uanzie kwa polisi na upite kwa daktari. Novemba 2025 wapiga kura walipitisha sheria inayoiruhusu familia kwenda yenyewe mahakamani. Waliopinga walisema ya zamani ingetosha kama polisi wangeitumia, na kwa hilo ripoti ya Wathen iliwapa nguvu. Waliounga mkono walisema familia haipaswi kusubiri askari aamue kuvunja mlango.