Trekta Lililogoma Kuzima

Kwa miaka 31 nimefundisha historia shule ya msingi, na kila nilipofika kwenye Mpango wa Karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza wa kulima karanga kwa matrekta huku Dodoma, darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia dirishani. Nilikuwa naigiza. Waingereza hao, mwaka 1947, wanashuka Kongwa na matrekta mitumba, mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman wamevigeuza matrekta ya kung'olea visiki. Kiangazi kinaingia, udongo mwekundu unakuwa tofali, majembe yanavunjika, na mwaka 1951 wanafunga virago wakiwa wameteketeza zaidi ya pauni milioni 36. Hapo nilikuwa nafuta chaki mikononi taratibu na kusema: "Wanangu, mtu asinunue chuma chakavu bila kukijua."

Mwaka jana nikastaafu, nikachukua kiinua mgongo, nikaenda kununua trekta chakavu. Kongwa hiyohiyo.

Nina ekari saba, siyo mbali sana na Kibaigwa. Kwa ekari saba mtu hanunui trekta jipya labda awe na shamba lingine benki. Kukodi nako ni mateso: wenye matrekta wanaanza na wenye ekari hamsini, na zamu yako ikifika, mahindi ya jirani yanakufika kiunoni. Nikaamua kutafuta Massey Ferguson 135, yale madogo ya silinda tatu za Perkins yaliyotoka Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi miaka ya sabini. Ni vizee, lakini spea zake unazipata hata kwa muuza baiskeli, na kila fundi ameshalifungua moja akiwa bado hajaota ndevu.

Fundi wangu wa Kibaigwa akasema atanisindikiza kulikagua, nimpe elfu thelathini ya usafiri na usumbufu. Elfu thelathini, kwa kwenda kuangalia tu! Nikamwambia, "Fundi, nipe maswali kwa simu, mtihani nitausimamia mwenyewe." Akacheka, akanitajia. Nikayaandika kwenye daftari, nikapiga mstari kwa rula.

Trekta la kwanza nilifika saa kumi na mbili asubuhi, bila taarifa. Fundi alinionya: injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa ya moto, kwa hiyo muuzaji mjanja huipasha kabla mnunuzi hajafika. Nikaweka kiganja kwenye bloku ya injini. Ya moto kama chapati. Nikamwangalia dalali, dalali akaangalia mbuzi. Nikaaga.

La pili lilikuwa limepakwa rangi mpya, nyekundu ya kuumiza macho. Walikuwa wamepaka kila kitu: matairi pembeni, nyaya za betri, mpaka stiki ya oili. Nilipoifuta ile stiki na kuizamisha tena, ilitoka na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili. Nikamwambia mwenye mali, "Mzee, hii chai umeshaitia sukari?" Hakucheka. Nami nikaondoka kifua mbele, najiona nimekuwa injinia.

La tatu ndilo lililoniteka. Limekaa chini ya mwembe, rangi imepauka, kiti kimefunikwa kwa gunia. Mwenye nalo mzee mmoja mstaarabu, hana maneno mengi. Bloku ya baridi. Oili nyeusi ya kawaida. Akaliwasha, likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe kidogo kisha likatulia. Bluu hakuna, kwa hiyo oili hailiwi. Nikamwomba anyanyue jembe la diski kwa haidroliki, kisha azime injini, tukakaa tunakunywa maji dakika kumi huku nimekodolea jembe macho kama mlinzi wa benki. Halikushuka hata inchi. Nikatikisa usukani, nikapima magurudumu ya mbele, nikalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Daftari likajaa alama za vema. Tukamalizana kwa milioni kumi na moja na nusu, bila jembe.

Mzee akaliwasha mwenyewe, akaliweka sawa, akaniambia, "Mwalimu, nenda nalo polepole, ni la zamani lakini lina adabu." Kadi, mkataba na mkate niliomnunulia Mama Neema nilikuwa nimevitia kwenye mfuko. Pale mbele ya usukani kulikuwa na kidude cheusi kimechomoza kidogo, mviringo kama kifungo cha koti. Nikatundika mfuko wangu pale. Nikawaza: wazungu wa zamani walikuwa wanafikiria kila kitu, mpaka ndoano ya kutundikia mfuko.

Kilomita tano za kwanza nilikuwa mfalme. Nilipungia watu ambao siwajui.

Nilichosahau ni kwamba ile ilikuwa siku ya mnada.

Nilipokata kona, barabara yote ilikuwa ng'ombe. Nikaondoa mguu kwenye akseleta, kama ninavyoendesha pikipiki ya mwanangu kwa kulegeza mkono. Ila mguu haukuwa kwenye akseleta. Ulikuwa umekaa tu, umepumzika. Lile trekta linaongezwa mwendo kwa kijiti cha mkono chini ya usukani. Mzee alikivuta tulipoanza, nami sikujua kipo. Likaendelea kunguruma kwa mwendo uleule. Nikakanyaga breki.

Hapa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu pia hamlijui, msinicheke. Trekta lina breki mbili, pedali mbili zimekaa bega kwa bega upande wa kulia. Moja inashika gurudumu la kushoto, nyingine la kulia, ili ukifika mwisho wa tuta ulizungushe papo hapo. Ukiingia barabarani unaziunganisha kwa kile kipande cha chuma ziwe kitu kimoja. Za kwangu hazikuwa zimeunganishwa. Nilikanyaga ya kulia peke yake, kwa nguvu zote za mtumishi wa umma mstaafu.

Trekta halikusimama. Liligeuka. Liliwapisha ng'ombe kwa heshima zote, likaacha barabara, likaelekea kwenye banda la mama lishe. Wateja walitawanyika na sahani zao mkononi, na mmoja, nakumbuka vizuri, alirudi kuchukua kijiko. Benchi likapasuka. Sufuria ya maharage ikalala ubavu. Gurudumu la mbele lilipogusa nguzo ya banda nikakanyaga klachi, na chombo kikasimama.

Kimesimama, ila hakijazima. Nikazungusha ufunguo. Linanguruma. Nikauchomoa kabisa ufunguo, nikaushika juu watu wote wauone, kama ushahidi mahakamani. Linanguruma. Kumbe injini ya dizeli ya namna ile haijali ufunguo: ikishawaka inachotaka ni dizeli tu, na dizeli bado ilikuwa inakwenda kwenye pampu.

Sasa fikirieni hali yangu. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi, na klachi ya Massey ya zamani ni nzito kama mlango wa ghala. Nikiuachia, naingia jikoni kwa mama lishe. Kuondoa giya nimejaribu, lakini kijiti cha giya kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Huwezi kujua kiko kwenye giya au kiko huru. Sikuthubutu kubahatisha. Nikabaki nimekaa, mguu unatetemeka, jasho linatiririka, na mnada mzima umehamia kwangu.

Ushauri ukaanza. Mmoja akasema nimwagie maji. Mwingine akasema tungoje dizeli iishe, akaanza kukadiria: "Tanki likiwa limejaa, mpaka kesho jioni." Kijana mmoja kutoka kilabuni akajitolea kuja kunipokea mguu, tupokezane zamu. Kisha nikasikia sauti nyuma ya umati: "Mwalimu, tufungue ukurasa wa ngapi?" Mwanafunzi wangu wa darasa la saba wa miaka hiyo, sasa ni baba wa watoto wanne. Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, akiigiza sauti yangu kabisa, mpaka kufuta chaki mikononi: "Wanangu, mtu asinunue chuma chakavu..."

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga. Ndiyo, karanga. Sikuyapanga mimi. Akaweka ungo wake chini, akaja polepole na khanga yake amejifunga kiunoni. Nikamwamkia kutoka juu, "Shikamoo bibi," mguu unatetemeka. Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Marehemu mume wangu aliendesha haya miaka ishirini." Akanyoosha mkono, akautoa mfuko wangu kwenye ndoano, akanikabidhi. Kisha akaishika ile ndoano kwa vidole viwili, akaivuta.

Kimya. Ukaweza kusikia maharage yanavyotiririka kwenye mchanga.

Mama lishe alinihesabia elfu arobaini na tano: benchi, sufuria iliyobonyea, maharage, na sahani mbili ambazo wateja waliondoka nazo. Nikalipa bila kubishana. Bibi nilimnunulia ungo mzima wa karanga. Dereva mmoja wa pale mnadani akaniunganishia breki, akanionyesha kijiti cha mafuta, akaniongoza mpaka nyumbani, nami nikalizima kwa kuvuta, tena kwa madaha, Mama Neema akiangalia. Ya mnadani sikumwambia. Aliniuliza tu kwa nini nimerudi na karanga ungo mzima, na mkate umebonyea.

Asubuhi nikaamka mapema, nilizungushe shambani mara moja tu majirani waone. Nikazungusha ufunguo. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Nikarudia mpaka betri ikaanza kulegea. Nikakumbuka nilivyosikia kwamba dizeli ikichukua upepo lazima nati zilegezwe na upepo utolewe, nikachukua spana, nikaitazama ile pampu, nikaiona ina nati nyingi kuliko elimu yangu. Nikampigia fundi. Akasema elfu thelathini ya usafiri na usumbufu.

Alifika saa nne. Hakufungua hata sanduku la vifaa. Aliegemea usukani, akakitazama kile kidude cheusi kilichochomoza tangu jana nilipokivuta, akakirudisha ndani kwa kidole gumba. Akazungusha ufunguo. Likawaka.

Mama Neema ndiye anayeshika daftari la matumizi ya shamba, na hatoi fedha bila risiti. Fundi akalamba ncha ya kalamu, akafikiri kidogo, akaandika: "Kusukuma, 30,000/=."