Nani Hasa Anakula Chakula cha Haraka?

Tumezoea kusikia kwamba chakula cha haraka ni cha maskini. Takwimu za Marekani, ilikokulia biashara hiyo, zinasema vingine. Mwaka 2018 taasisi ya afya ya CDC ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa 2013 hadi 2016: katika siku yoyote, asilimia 36.6 ya watu wazima walikuwa wamekula chakula hicho. Kwa wenye kipato cha chini ilikuwa asilimia 31.7, wa kati 36.4, na wa juu 42.0.

Hata hivyo, wanaomtaja maskini wana ukweli fulani. Hesabu hiyo inaonyesha nani alikula, haionyeshi mfuko wa nani uliumia. Ernst Engel, mtakwimu Mjerumani, alionyesha tangu 1857 kwamba kadiri familia inavyokuwa fukara ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya mapato yake. Bei zikipanda, wa kwanza kujitoa kwenye foleni ni maskini. Katika robo ya kwanza ya 2025, mauzo ya McDonald's nchini Marekani, kwa migahawa iliyokuwepo mwaka uliotangulia, yalishuka kwa asilimia 3.6, na kampuni yenyewe ikasema wateja wa kipato cha chini na cha kati wamepungua sana.

Nairobi mambo yamekaa tofauti, maana hapa kuna foleni mbili. Moja iko kwenye maduka makubwa: KFC ilifika 2011, na kwa familia nyingi kuku wake ni wa siku ya mshahara au ya kuzaliwa kwa mtoto. Januari 2022 iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa ng'ambo na meli zikachelewa, ilhali kaunti ya Nyandarua ina viazi tele. Foleni ya pili iko kibandani: karai la mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, gunia la viazi aina ya Shangi kando, chipsi zinanyunyiziwa chumvi na kutiwa kwenye karatasi. Huyu mteja wa pili hajafuata anasa. Kuchemsha maharagwe makavu kunataka saa mbili au zaidi za makaa au gesi, na yeye ametoka kazini giza limeshaingia. Ukijumlisha moto na muda, chipsi zinaweza kuwa nafuu.

Wenye wasiwasi wa afya nao wana haki. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya unaonyesha kuwa wanawake wa Kenya wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa asilimia 33 mwaka 2014, na 45 mwaka 2022. Hali hiyo imeenea zaidi kwa wenye nacho, na chipsi si chanzo pekee. Lakini mwenye nacho ana bima na daktari. Fundi wa mjengo akipata kisukari, dawa zinakula kodi ya nyumba.

Je, tutoze ushuru? Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, pendekezo likaondolewa baada ya wananchi kulipinga. Naona walikuwa sahihi. Ushuru ule haukutenganisha karai la chipsi na kijiko cha mafuta kinachokaanga sukuma nyumbani, na ungembana zaidi anayenunua mafuta kwa kupimiwa.

Kinachonipa matumaini kipo tayari mitaani. Jioni utawakuta akina mama wanaouza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, wakipima kwa kikombe. Mnunuzi anakwenda kukaanga kitunguu tu. Hicho nacho ni chakula cha haraka, tena bora, ila hakina bango wala kibanda. Kaunti ikitaka pa kuanzia, ianze na mama huyo: impe maji safi, meza yenye kivuli, na leseni itakayomzuia kanjo, yaani askari wa kaunti, kumwaga sufuria yake.